Vidogo Ndivyo Vinavyovunjika

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla sijamaliza. Nafundisha kemia pale chuoni Mazimbu, na utafiti wangu ni wa aina ambayo nikiueleza harusini, jirani yangu mezani anakumbuka ghafla kwamba hajamsalimia shangazi yake. Nachunguza jinsi molekuli ndogo za vitu vyenye uhai zinavyosambaratika zikipigwa mionzi ya eksirei. Ndiyo hivyo, wala hakuna kingine. Mtaani kwetu Kihonda wananiita daktari, nami nimeshachoka kukataa. Mmoja aliniletea mtoto mwenye kikohozi, mwingine akaniletea redio.

Mashine yenyewe inayozipiga hizo molekuli sijawahi kuigusa. Iko nchi za watu, kubwa kama uwanja wa mpira, na wenzangu wa huko wakimaliza hunitumia namba. Mimi hukaa na namba zangu ofisini, umeme ukiwepo, nikizichambua kama mtu anayechambua mchele. Molekuli ninayoijua kuliko zote inaitwa glaisini. Ni ndogo kupita wenzake wote wanaojenga protini mwilini, na nimekaa nayo miaka mingi kiasi kwamba mume wangu husema ananigawana nayo. Yeye anafanya kazi Dodoma, hurudi mwisho wa mwezi, na akirudi ananikuta nimelalia karatasi.

Mama yangu anaishi juu milimani, juu zaidi ya misheni, mahali ambapo hata kwenda chooni ni kupanda. Analima karoti, kabichi na stroberi kwenye matuta yaliyosimama wima kama ukuta, na anazishusha mwenyewe kichwani. Jumapili moja nilipanda kwenda kumsalimia, nikakuta zamu ya jumuiya imeangukia nyumbani kwake. Sala ziliposomwa zikaisha, mwenyekiti wa jumuiya akanigeukia. "Mwanetu, tueleze kidogo na wewe, huko Mazimbu unafanya nini hasa?"

Jamani, mtu kama mimi haulizwi swali kama hilo. Nilisimama kama nimepewa mimbari.

Niliwaambia wafikirie nyumba yenye watu wengi. Hao watu ndio elektroni, wanaoifanya nyumba ikae pamoja. Mwanga wa kawaida ukija unamgusa aliyekaa barazani. Mwale wa eksirei hauna adabu hiyo. Unapita baraza, unapita sebule, unaingia chumba cha ndani kabisa, unamtoa mtu aliyelala kitandani na kumtupa nje. Kitanda kikibaki wazi, mmoja wa sebuleni anakikimbilia, na katika purukushani hiyo mwenzake naye anasukumwa nje ya mlango. Sasa wameshatoka wawili. Kuta zilizobaki zimepungukiwa na watu wa kuzipatanisha, haziwezi tena kuvumiliana, na nyumba yote inapasuka, kila kipande kinakimbilia upande wake. "Na hayo yote," nikasema, "kabla hujafumba jicho!" Nikanyakua gimbi la kuchemsha kwenye sahani nikalivunja vipande viwili ili waone.

Walinipigia makofi. Mzee mmoja akauliza kama hiyo mionzi inaponya ngiri. Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akaniangalia, kisha akaokota vipande vya gimbi akavirudisha sahanini.

Haukupita mwezi, mama akateleza. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imekuwa sabuni, naye ana tenga la karoti kichwani. Karoti ziliteremka hadi mtoni, mama akabaki amekaa njiani, mguu mmoja umekaa vibaya. Walimbeba hadi zahanati ya misheni. Mhudumu akamshika nyonga, mama akapiga kelele, na mhudumu akasema bila kuficha: apelekwe mjini akapigwe picha haraka, maana kama mfupa umepasuka na ukaachwa, utahama, na kwa umri wake anaweza asitembee tena. Kwa mtu anayeishi juu ya mteremko ule, kutotembea ni kufungiwa ndani mpaka kufa. Nilielezwa kila kitu kwa simu. Nikapanda bodaboda siku hiyo hiyo.

Njiani nilitapika. Tulikuwa tumefika kona ya tatu au ya nne, nikamwambia dereva asimame, nikatapika kwenye majani, kisha nikamgombeza yeye kwa kukata kona kama anafukuzwa. Maskini alikuwa anakwenda taratibu kabisa. Mwili wangu ulikuwa umenichosha wiki zile. Nilikuwa nasinzia ofisini mchana kweupe, na nilikuwa nimeanza kutafuna vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni. Nilijipima mwenyewe kwa akili zangu, nikajiambia nimepungukiwa madini ya chuma. Nilijisifu hata kwa kuligundua bila msaada wa mtu.

Nilimkuta mama amelazwa kitandani kwake, mguu umeegemezwa kwa mito. Nikapiga goti, "Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuangalia uso wangu. Aliniangalia shingoni, pale chini ya koo, akaangalia muda mrefu. "Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Mama, aliyeanguka ni wewe!"

"Haya," akasema. "Picha nitakwenda kupiga. Lakini si na wewe. Mpigie mjomba wako aje anipeleke."

Mjomba yuko Kilosa, na mahindi yake yalikuwa shambani yakingoja kuvunwa. Nilimpigia, akasema atakuja, nimpe siku chache. Nilikata simu nikiwa nimevimba. Mjomba wangu nampenda, lakini mjomba wangu anaamini betri ya simu ikianikwa juani inajaa. Na mimi, mtoto wa kike pekee wa nyumba hii, niliyesomea mionzi hiyo hiyo mpaka macho yakaingia miwani, ndiye nisiyefaa kumsindikiza mama kwenye eksirei?

Kwetu neno la mjomba ni zito, hilo silipingi. Lakini hapa niliona ni dharau, tena dharau kwa shahada zangu. Nikaamua kumwelimisha mama. Ndipo nilipoharibu kabisa.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia asiogope. Nikamwambia dozi ya picha moja ni ndogo, mwili wa mtu mzima una mafundi wake wa ndani, kinachovunjika kinarekebishwa, yale niliyosema kwenye jumuiya ni mambo ya maabara. Mama alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za mbegu:

"Na kitu kidogo sana je? Kikipigwa?"

Khaa! Hilo lilikuwa somo langu. Ningeachaje kujibu? "Kikubwa," nikamweleza, "kina mahali pa kuigawa ile nguvu. Inazunguka humo ndani, kinatikisika, kinapata joto, huenda kikabaki kizima. Kidogo hakina pa kuipeleka. Vidogo ndivyo vinavyovunjika, mama."

"Vipande vyake vinarudiana?"

"Thubutu! Vikishaachana vimeachana. Sisi tunachofanya ni kuvipima vinavyokimbia tu. Chepesi kinafika kwanza, kizito kinafuata."

Mama aligeuza uso ukutani. "Basi wewe huingii humo," akasema. "Namsubiri kaka yangu."

Nilitoka nje nikasimama katikati ya karoti nikipumua kama ng'ombe. Hiyo ndiyo shukrani? Umemsomesha mtoto kwa kabichi, mtoto anarudi kukueleza, unageukia ukuta!

Sasa kuna jambo la kwetu lazima niliseme, bila hilo hamtanielewa. Mimi na mama tunazungumza kila kitu. Bei ya kabichi, mahubiri ya padri, nani kaolewa na nani na kwa nini hawatadumu. Lakini mambo ya tumbo la uzazi mama hamtamkii binti yake, na binti hamtamkii mama. Ni mwiko, na ni aibu. Hiyo ni kazi ya somo, yule mwanamke aliyekufunda ulipovunja ungo ukakaa ndani kama mwali. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka ya kutosha katika ndoa bila mtoto, mpaka watu walichoka kuuliza na mimi nikachoka kutumaini. Mama hakuwahi kuuliza hata siku moja. Nami ndiye binti yake pekee. Kwetu ukoo unapita kwa mwanamke, kwa hiyo nisipozaa mimi, nyumba ya mama inaishia kwangu. Hilo nalo hakulisema kamwe.

Somo wangu anaishi ng'ambo ya korongo kutoka kwa mama. Nilirudi mjini kufundisha, na siku zile alinipigia simu mfululizo. Sikupokea. Somo akipiga simu anaanza kwa kuwauliza hali wote, walio hai na ng'ombe wao, na mimi nilikuwa na hasira, nilijua tu ametumwa na mama aje kunituliza. Nikamwandikia ujumbe: "Samahani Somo, niko kwenye kikao." Nilikuwa nimelala, kichwa kiko juu ya meza, mdomoni nina kijiti cha udongo.

Mjomba akawa haji. Mvua ilimnyeshea mahindi, ikawa leo, ikawa kesho. Kila nikipiga simu kwa jirani wa mama naambiwa hali ni ile ile, halali, anauma kanga usiku ili asilie. Zaidi ya wiki ilipita hivyo. Uvumilivu ukaniishia. Nilikodi gari, nikapanda nalo mpaka barabara inapokomea, nikatafuta vijana wa kumshusha mama kwa machela. Alipoletwa pale barabarani uso wake ulikuwa umekonda, midomo imekauka. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alinishika mkono tu.

"Niapie utakaa nje."

"Nakuapia mama."

Niliapa juu juu. Moyoni nilikuwa nasema, hebu tufike kwanza.

Tulifika hospitali mjini, tukangoja, tukaitwa. Mlangoni mwa chumba cha picha kulikuwa na tangazo lenye alama ya mionzi. Nililipita bila kulisoma. Mimi nisome tangazo la mionzi? Ningeweza kuliandika.

Ndani kulikuwa na kijana mpole, amevaa koti jeupe. Akamwamkia mama shikamoo, akamhamishia mezani kwa msaada wa dereva wetu, kisha dereva akatoka. Kijana akajaribu kuuweka mguu, mama akatetemeka kwa maumivu na mguu ukarudi ulipokuwa. Kijana akasema itabidi mtu amshikie, avae kinga, ni sekunde chache tu.

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaichukua aproni ukutani, ile nzito yenye madini ya risasi ndani. Nikaipachika mabegani nikimweleza kijana wa watu jinsi mionzi inavyoruka pembeni baada ya kumgonga mgonjwa, mahali pazuri pa kusimama ni wapi, na kwa nini. Alikuwa anajua yote hayo. Alinisikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza tangazo la msiba redioni.

"Wewe!" mama akaniita kutoka mezani. "Umeapa!"

"Mama tulia, ni sekunde tu."

"Samahani dada," kijana akasema, "ni utaratibu. Huna ujauzito?"

"Hapana. Na kaka yangu, mionzi hii ndiyo kazi yangu ya kila siku."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

"Anao!"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, na nyonga ile, jasho linamtiririka. "Ana mimba huyo! Mtoe! Mtoe mwanangu humu ndani!"

Kisha akaanguka chali, akavuta kanga akajifunika uso wote. Alikuwa ameona haya. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka neno lile mbele yangu, na sasa alikuwa amelipiga yowe mbele ya kijana wa kiume asiyemjua, mlango ukiwa wazi na foleni ya watu nje.

Nilitaka kubisha, ni mazoea. Kijana akanivua ile aproni polepole, kama unavyomvua mtoto shati lililolowa, akaniambia, "Dada, kaa nje kidogo." Wakamrudisha dereva ashike mguu. Dereva akauliza kama na yeye ataulizwa lile swali.

Nikakaa kwenye benchi la korido, na sasa tangazo lilikuwa mbele ya pua yangu. Kama una mimba, au unadhani unayo, mwambie mhudumu kabla ya kuingia. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nikarudia, safari hii kwa uaminifu. Kutapika kwenye kona. Usingizi. Shingo, pale mama alipotazama, ambapo wanawake wa kwetu huisoma mimba kwa mshipa unaodunda. Udongo, Mungu wangu, udongo! Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeniletea data kama hizo na jibu la upungufu wa madini ya chuma, ningemrudishia karatasi yake kwa maneno makali.

Halafu taa nyekundu juu ya mlango ikawaka.

Nasema ukweli wangu. Mimi ninayefundisha dozi, ninayejua kwamba ukuta ule umejengwa kwa ajili hiyo hiyo na kwamba pale benchini sikuwa na hatari yoyote, niliruka nikakimbia. Nilikimbia korido nzima, nikampita bibi mwenye magongo, nikatoka nje, nikavuka ua, na sikusimama mpaka nilipofika kwa muuza soda ng'ambo ya geti, mikono miwili imefunika tumbo. Muuza soda akaniuliza dada kuna moto? Nilikuwa nalia, na wala sikuwa nimepimwa.

Nilipimwa mchana ule. Mama alikuwa sahihi.

Picha yake ilionyesha nyonga imepasuka, na mfupa ulikuwa umeshahama. Daktari alituambia bila kupamba maneno kwamba siku zile alizolala nyumbani zimemgharimu. Atafanyiwa upasuaji, atawekewa chuma, atatembea, lakini si kama zamani.

Jioni nilikaa kando ya kitanda chake wodini. Alikuwa ameelekea ukutani, kanga imefika masikioni.

"Mama, uliogopa picha?"

"Niogope picha ya nini?" akauambia ukuta. "Mguu unauma, ningekwenda siku ile ile. Lakini nilijua mgonjwa akishindwa kutulia ndugu yake anaitwa amshike. Jirani yangu alimshika mumewe hivyo hivyo. Na wewe ungeingia, nakujua. Ulisema mwenyewe, vidogo ndivyo vinavyovunjika. Tena ulisema havirudiani."

Alilala na nyonga iliyopasuka zaidi ya wiki, anauma kanga, anamngoja kaka yake, ili tu nisiwe mimi wa kusimama kwenye chumba kile. Na kila nilivyomweleza zaidi, ndivyo nilivyomfunga zaidi.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akageuka, kwa tabu, akanitazama. Alikuwa amechoka, na alikuwa amekasirika kweli kweli, hasira za karibu nimezirithi kwake.

"Nikwambie mimi? Mimi ni mama yako! Nilimtuma somo wako. Kakupigia mpaka salio limemwisha. Ulikuwa kwenye kikao."

Mama anachechemea mpaka leo. Matuta ya juu ameyaacha, analima yale ya karibu na nyumba, na binti yangu akipelekwa huko hutambaa akiikimbiza fimbo ya bibi yake. Lile neno hajalirudia tena tangu siku ile, hata mtoto alipozaliwa alisema tu, "Mmefika salama." Na somo wangu akipiga simu napokea, hata nikiwa katikati ya kipindi, chaki mkononi. Wanafunzi wamezoea, wanangoja tu nimalize kuulizwa hali za ukoo mzima.